Sehemu C

KIPENGELE CHA 7. Eleza kwa nini unataka kusomea udaktari. Mistari isizidi mitano.

1.

~~Napenda kuisaidia jamii yangu na taifa kwa ju~~

Hapo Nakundwa akaacha. Sentensi hiyo mwalimu wa taaluma aliiandika ubaoni, kidato cha sita chote kikainakili. Nakundwa alitaka kuandika yake, na akiamua jambo hashikiki.

2.

Yote yalianzia kidato cha pili, kwenye mtihani wa baiolojia. *Chora kinywa cha binadamu.* Wenzake walichora walichokariri kitabuni. Yeye alichora alichokiona kwenye kioo.

A: ulimi
B: kaakaa
C:

Wino mwekundu: *Kimeo kiko wapi? Umekosa.*

3.

"Bibi, kimeo changu kiko wapi?"

"Ulikuwa unakohoa. Kikakatwa."

"Na cha Nakijwa?"

Bibi aliendelea kuchambua maharage.

4.

Yanayojulikana kuhusu Nakijwa:

– pacha wa Nakundwa
– alikohoa
– fundi wa kukata vimeo aliitwa nyumbani, akaja na kisu kimoja kwa watoto wawili
– damu haikukata
– alikufa akiwa na miezi kumi na mmoja
– nyumbani husemwa Mungu alimpenda zaidi

Nakundwa anaichukia sana hiyo ya mwisho.

5.

TANGAZO

Mwombaji mmoja ameandika, katika Kipengele cha 7, maelezo yanayodhalilisha wazee na mila zetu. Amerudishiwa fomu; ayabadilishe kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri. La sivyo fomu yake haitasainiwa, na bila sahihi haipokelewi chuoni.

Mkuu wa Shule

6.

Dirishani, ofisi ya walimu:

"Binti ana akili, ila mdomo."

"Mdomo wenyewe haujakamilika."

Wakacheka. Nakundwa alikuwa chini ya dirisha, na madaftari ya darasa zima mikononi.

7.

Wewe unayesoma, simama mbele ya kioo. Panua mdomo, sema aaa. Hicho kinachoning'inia kule nyuma, yeye hana.

Kikohozi

anacho mpaka leo.

8.

Alhamisi alimsomea Bibi fomu, maana ilihitaji pia idhini ya mlezi.

"Soma tena," Bibi alisema.

Akasoma tena.

"Hujaandika nani alimwita fundi."

"Sikutaka, Bibi."

"Andika. Ni mimi. Halafu niletee wino."

9.

Ijumaa, saa kumi kasoro dakika tano.

"Badilisha mstari mmoja tu, binti yangu," alisema mkuu wa shule. "Sema aliugua."

"Hakuugua, mwalimu. Alikatwa."

"Unajua ninaweza kuku—"

KIPENGELE CHA 7.

*Tulikuwa pacha. Tulikatwa kimeo siku moja, kwa kisu kimoja.*
*Fundi aliitwa na bibi yangu, aliyetupenda.*
*Mwenzangu alikufa. Mimi bado nakohoa.*
*Nimeuliza kwa nini, nikaambiwa ninyamaze.*
*Sinyamazi.*

Mlezi: (dole gumba, wino wa bluu)

Mkuu wa Shule:

Kalamu iko mezani, kati yao. Nakundwa amevuta kiti, ameketi bila kuambiwa.