Mwendo wa Saa Nane

Ndege ilikataa kuruka jana mchana. Rubani alipiga simu kusema kiwanja cha kambini kimejaa maji hadi kifundo cha mguu, na yeye si bata. Bosi akaja mezani kwangu, akaegemeza mikono miwili juu ya makaratasi yangu.

"Mgeni lazima aripoti kwenye geti la kitalu cha uwindaji kesho kabla ya saa kumi jioni," alisema. "Asiporipoti siku ya kwanza, kibali kinafutwa. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Mama."

"Basi mfikishe. Ukishindwa, kiti chako cha mapokezi bado hakijapata mtu."

Miaka mitatu nilikaa mapokezi nikiwachekea wageni na kupokea makoti yao. Meza hii ya safari niliipata kwa kazi moja tu: nilikusanya madaftari yote ya madereva, nikachapa jedwali la njia zetu zinazokwenda vitaluni, kila njia na mwendo wake. Bosi alilipenda, na barua zote za wageni wa msimu huu zimeandikwa kutoka humo.

Nikalifungua jedwali. Treni inashusha watu nusu ya njia, kisha lori linamalizia, lakini treni ya wiki hii ilikuwa imeshapita. Barabara ya kaskazini ni lami karibu yote, ila inazunguka kama mtu anayekwepa kumsalimia mkwewe: siku mbili, na kulala njiani. Ikabaki ya kusini, vumbi na kivuko kimoja cha mto. Mwendo wa saa nane. Tukiondoka saa kumi na mbili alfajiri, tunafika getini saa nane mchana, tuna saa mbili za kupunga upepo. Nililala usingizi mzuri.

Dereva wa njia hiyo ni mjomba wangu, kaka yake mama, na saa nane hizo zilitoka kwenye daftari lake. Kwa miaka ishirini na mbili ameandika kila safari kwa mwandiko ulionyooka, wala hakuna aliyewahi kumkuta na uongo.

Mgeni tulimwita Mifuko, kwa sababu fulana yake ilikuwa na mifuko kumi na minne. Niliihesabu nikiwa kiti cha nyuma, nimebanwa na masanduku mawili ya bunduki. Tela la nyuma lilibeba hema, friji, vitanda na vyakula vya wiki tatu. Mifuko alikaa mbele na nakala ya barua yetu gotini. Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante", kwa hiyo mazungumzo yote yalipitia kwangu.

Tuliondoka kwa wakati. Baada ya saa moja Mjomba akasimama kugonga tairi za tela kwa rungu, moja moja, akitega sikio kama daktari. Tukaenda. Akasimama kwa fundi anayemfahamu, wakaulizana hali za watoto hadi wajukuu. Tukaenda. Akasimama kupoza injini, akanywa chai.

"Mjomba, tunachelewa."

"Tunachelewa wapi? Tuko sawasawa na daftari. Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Na polepole ina mapokezi."

Akacheka. Hakujua kwamba sitanii.

Tulifika mtoni saa nne na nusu. Kivuko kilikuwa ng'ambo ya pili, na mwenye kivuko amekaa juu yake, miguu ndani ya maji. Niliita, nikapunga kitenge. Akanyoosha vidole vitatu.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasubiri magari matatu upande wake," Mjomba alisema. Akashusha kiti, akavuta kofia usoni. "Hapa huwa tunakaa saa moja, wakati mwingine mbili."

"Saa mbili? Hizo zimo kwenye zile nane?"

Kofia haikusogea. "Zitakuwaje humo? Gari si limesimama?"

"Mjomba, ondoa kofia unijibu. Ukiandika saa nane, unahesabu nini?"

Aliinuka, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Nahesabu gurudumu likizunguka. Mimi nilianza kazi kwenye greda la barabara. Greda lina mita ya saa, na mita haitembei mpaka mashine ifanye kazi. Ukilala, inalala. Msimamizi alinifundisha hivyo: saa ya kazi ni saa ya kazi. Hata saa ya kivuko sijawahi kuiiba nikaiita safari."

"Na yule mzee aliyekuwa na meza yangu kabla yangu, alijua?"

"Aah, yule alikuwa akichukua daftari langu anaongeza nusu kichwani. Kila mtu anajua. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Alistaafu, akaniachia stepla na kalenda ya mwaka juzi. Na mimi, Bibi Diploma, nikanakili saa za greda kwa herufi nzuri, nikazitia kwenye barua za watu.

"Mbona hukuniambia wewe?"

"Uliniuliza? Ulikuja ukasema, 'Mjomba nipe daftari.' Nikakupa."

Mifuko aligonga barua kwa kidole, akauliza tutafika saa ngapi. Nilimwambia tutafika. Saa ngapi, sikusema.

Tulivuka, tukakanyaga ukingo wa pili saa sita kasoro robo. Zilibaki saa nne na nusu za gurudumu, maana yake saa kumi na robo, hapo tusipoteremka hata kujisaidia. Nilihesabu mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa geti lenye mnyororo.

"Hakuna njia ya mkato?"

Mjomba alikuna kidevu. "Iko ile ya greda, inayofuata mpaka wa kitalu. Niliichonga mwenyewe. Inapunguza kama dakika arobaini na tano. Lakini ni udongo mweusi, na tela hili litazama mpaka shingoni."

"Tuliache."

"Tuliache wapi?"

"Hapa, kwa mwenye kivuko. Si anakaa tu akisubiri magari matatu?"

"Sijawahi kuacha mzigo wa mgeni njiani. Miaka ishirini na mbili."

"Na mimi sijawahi kurudishwa mapokezi. Fungua pini, Mjomba. Tafadhali."

Akafungua, taratibu, kama anayemvua marehemu pete. Kumweleza Mifuko kulikuwa kazi nyingine. Aliuliza kitanda chake kinabaki? Kinabaki. Friji? Inabaki. Akanionyesha barua: mwendo wa saa nane, usafiri wa starehe. Nikamwambia ukweli uliokuwepo, kwamba anaweza kuwa na kitanda au nyati. Alifikiri kidogo, akatoa mswaki kwenye sanduku lililokuwa telani, akautia kwenye mfuko mmoja kati ya ile kumi na minne. Ndipo nikaanza kumpenda.

Njia ya greda ilikuwa na nyasi zilizofika kwenye taa za mbele. Mjomba hakusimama kugonga tairi. Hakusimama kabisa, alikamata usukani kwa mikono miwili, akitaja kila kona kabla hatujaiona. Saa nane na nusu gurudumu la nyuma likazama. Tulikata matawi, tukayatia chini. Mifuko akasukuma pamoja nami, tope likampaka mpaka miwani, akaniambia kwa lugha yake kwamba kwao hulipa watu wamfanyishe mazoezi ya namna hii. Sikuwa na nafasi ya kucheka. Dakika ishirini zilikwenda pale, wala hazikuwa za gurudumu.

Tulifika getini saa kumi kasoro dakika kumi. Afande alikuwa ameshaushika mnyororo. Alitutazama wote watatu, tope kichwani, akauacha.

"Bunduki."

Nikampa. Akasoma namba, akazilinganisha na kibali, akagonga muhuri. Kibali kikawa hai. Nikakaa kwenye ngazi ya kibanda chake.

Redio ikaita. Ilikuwa Bosi.

"Amefika?"

"Amefika, Mama. Kibali kimegongwa muhuri."

"Safi sana. Niliwaambia hapa, jedwali la yule binti halidanganyi. Mwendo wa saa nane kweli?"

Mjomba alikuwa amesimama karibu nami. Aliitikia kwa kichwa: sema nane. Kwa hesabu yake ya gurudumu hata nane hazikufika. Kama ningesema nane, meza ingekuwa yangu, na wiki ijayo familia ya watu watano ingekaa mtoni na barua yangu mkononi, huku dereva wao akivuta kofia usoni.

"Hapana, Mama. Karibu saa kumi, na tumepita njia ya greda, na tela la mgeni liko mtoni. Jedwali lina makosa. Si njia hii tu. Njia zote anazoendesha Mjomba nimeandika muda wa gari likitembea, sikuweka muda wa gari likisimama. Nilinakili bila kuuliza."

Nilimsikia Bosi akipekua makaratasi.

"Barua ngapi zimeshatoka?"

"Thelathini na saba."

"Utaziandika upya zote, kwa jina lako, na kila moja utaomba radhi. Na utakaa mapokezi mpaka ziishe. Halafu tutaona." Akakata.

Nilirudisha kipaza sauti kwa afande. Mjomba alikuwa ameshaondoka. Nilimwona kwenye gari, anafuta tope kwenye kioo kwa kitambaa, akirudia pale pale palipokwisha takata.

"Mjomba."

"Umemwambia daftari langu ni la uongo."

"Nimesema kosa ni langu."

"Umesema makosa kwenye njia zangu. Watu wote wa redio wamesikia. Miaka ishirini na mbili, mwanangu."

Ningeweza kumweleza mpaka kesho kutwa, na bado angekuwa sahihi kwa mita yake, nami kwa saa ya ukutani. Mifuko alichungulia dirishani, akauliza mbona hatuendi. Nikachukua kitambaa cha pili, nikaanza kufuta kioo cha upande wangu.