Mkate Wenye Kidole Chake

Mkewe alimwambia mapema, "Baba watoto, usiache mbachao kwa msala upitao." Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mwoka mikate aliacha kazi kwa tajiri wa zamani, na kibali chake cha kufanya kazi ugenini kikafa siku hiyo hiyo, maana kilikuwa cha bekari ile tu. Tajiri mpya akamwambia asubiri kibali kingine. Kabla hakijatoka, asiguse hata unga.

Basi akawa mtu wa sebuleni, si wa huku si wa kule. Kila asubuhi vidole vyake vilikanda hewa vyenyewe. Majirani walimpita kama wanavyokipita kiti.

Leo mkewe kanunua mkate bekari ya zamani. Kule kila mwokaji huubonyeza mkate wake kwa kidole gumba kabla haujaingia tanurini, ili ukiungua ajulikane wa kulaumiwa. Mumewe akaugeuza, akaona alama ya kidole kilichopinda, chenye kovu la kisu. Akaingiza gumba lake mle. Likaenea barabara, na ndani mlikuwa bado na joto.

"Huu wa zamani," alisema.

"Wa zamani wapi? Nimesubiri utoke tanurini. Wenzako wanakulalamikia. Eti siku hizi ukiwa kazini huongei, unakanda tu. Nilidhani wananitania."

Akaitazama mikono yake mapajani, mikavu, safi.

"Mama watoto," akauliza polepole, "kibali kikitoka, kitampata yupi?"