Mama Mkwe Kwenye Foleni

Alipomaliza miaka minne ya mafunzo na kupewa cheti cha udaktari wa familia, ukoo wa mume wake ulifurahi kupita kiasi, maana ulilielewa jina hilo neno kwa neno. Daktari wa familia, na familia ni sisi. Wifi yake akaanza kumpigia simu kuhusu vipele vya mtoto, baba mdogo wa mume akataka kujua kwa nini goti linalia likikunjwa, na shemeji mmoja akamtumia picha ya jino. Aliwajibu wote, akawaeleza mara kadhaa kwamba familia inayosemwa ni ya yeyote anayeingia kliniki. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kupiga.

Mama mkwe peke yake ndiye hakupiga. Na ni yeye ambaye hakuja kwenye mahafali. Alikuwa ameshonewa nguo, kiti chake kimetengwa mstari wa mbele, na asubuhi ya siku yenyewe akatuma neno kwamba hajisikii vizuri. Jioni walimkuta anamwagilia maua, mzima wa afya. Mkwewe, daktari mpya, aliliweka moyoni.

Kazi nayo haikumkaa vizuri. Wodini, wakati wa mafunzo, mtu aliletwa amezimia, mnahangaika naye, kesho anakaa kitandani anauliza chakula kiko wapi. Hapa kliniki wagonjwa walimwita Daktari Mdogo, kumtofautisha na Daktari Mkubwa wa chumba cha pili, mwanamke mwenye mvi aliyekuwa mwalimu wake. Kila mgonjwa alikuwa na dakika kumi. Kikohozi, mgongo, presha, cheti cha kupeleka kazini, mgongo tena. Mtu akitoka, hujui umemsaidia au umempotezea muda.

Ilipotimia miezi mitatu Daktari Mkubwa alimwita, kama utaratibu ulivyotaka, amuulize anaionaje kazi.

"Niseme ukweli?"

"Sema. Uongo naupata kutwa nzima kwa wanaodai wameacha sigara."

"Najiona kama karani. Nafikiria kurudi hospitali nikasomee upasuaji."

Daktari Mkubwa hakumbembeleza. "Barua ya mapendekezo nitakuandikia, na nitakusifu, maana unastahili. Ila kwa sasa jaribu jambo moja. Mgonjwa akishamaliza kusema, usikimbilie kuandika. Nyamaza kidogo."

"Kwa dakika kumi?"

"Nusu dakika ya kunyamaza haijamfukuzisha mtu kazi."

Jumatano iliyofuata alitoka chumbani kufuata faili, akamwona mama mkwe kwenye benchi, mkoba magotini, kikaratasi cha namba mkononi.

"Shikamoo, mama. Kuna nini? Si ungenipigia?"

"Marahaba. Nina namba kumi na saba. Umefika ya ngapi?"

"Ya tisa. Njoo uingie sasa hivi."

"Niwaruke hawa wote? Wataniona mtu wa namna gani? Rudi ukafanye kazi, Daktari."

Hakuwahi kumwita hivyo. Daktari Mdogo alirudi akawahudumia wanane roho juu, hadi namba kumi na saba ilipoingia na kukaa.

Mama mkwe alisema kichwa kinamuuma. Tangu lini? Tangu juzi. Au jana. Presha yake ilikuwa nzuri kuliko ya daktari mwenyewe. Daktari Mdogo alishika kalamu aandike dawa ya maumivu, halafu akaiweka chini, akanyamaza. Mama mkwe alilitazama bango la kunawa mikono kama anayelisoma kwa mtihani.

"Huo mlango unafungika?" aliuliza mwishowe.

"Unafungika."

"Ufunge. Na ya humu hayafiki nyumbani? Hata kwa mwanangu?"

"Hata kwake."

"Nikicheka, mkojo unanitoka." Aliuambia mkoba wake. "Nikikohoa. Nikiinua ndoo. Huu mwaka wa sita. Safari nimeacha, harusi siendi. Watu wanasema naringa. Afadhali waseme naringa."

Daktari Mdogo alimuuliza kama mkojo unauma, kama ana kiu isiyoisha, kama anaamka mara nyingi usiku. Mama mkwe alijibu kila swali, kisha akaongeza ambalo hakuulizwa.

"Siku ya mahafali yako nilikuwa nimeshavaa. Nikawaza safari, hotuba za saa tatu, kiti cha mbele, watu wote nyuma yangu, na nguo yenyewe rangi ya maziwa. Nikaivua. Nikalia, halafu nikatoka kumwagilia maua ili mkija msinione nimelia."

Mkwewe alikosa pa kuficha uso. "Mama, mimi nilidhani unanidharau."

"Nilijua. Ulikuwa unanisalimia kama watu wa benki."

Walicheka wote wawili, na mama mkwe akabana miguu haraka. "Usinichekeshe, mwanangu, nimeshakwambia."

Daktari Mdogo alimweleza kwamba tatizo hilo wanalo wanawake wengi mno na si adhabu ya uzee. Misuli ya chini ya nyonga ilikuwa imelegea kwa uzazi na miaka, na kwa mazoezi ya miezi kadhaa wengi hupata nafuu. Kwanza lakini apimwe mkojo na sukari.

"Ila haya mengine zaidi ya presha sitakupima mimi. Daktari hampimi mtu wake, akili inayumba. Nitakupeleka kwa Daktari Mkubwa."

"Ni mwanamke?"

"Mwanamke, na ana mkono mwepesi, haumizi."

Mama mkwe aliinuka, akanyoosha nguo. "Hata mimi nilitaka kwenda kliniki nyingine. Kisha nikakaa pale benchini nikiwaangalia wanaotoka kwako. Mzee mmoja wa fimbo akamwambia mwenzake, huyu mdogo anasikiliza. Nikasema basi, namba yangu sirudishi."

Vipimo vilitoka salama. Mtaalamu wa viungo alimfundisha mazoezi, na mama mkwe akayashika kama askari, akiyafanya hata wakati wa taarifa ya habari bila mtu kujua. Baada ya miezi mitatu hakuwa amepona kabisa, lakini alipanda basi kwa saa tano nzima kwenda kumwona mdogo wake.

"Mama kapatwa na nini?" mume aliuliza. "Siku hizi anacheka."

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Kanifukuza."

Daktari Mdogo alimwomba mwalimu wake asiandike barua kwanza. Upasuaji bado aliutamani, na migongo ilikuwa ileile, ila alitaka mwaka mmoja zaidi. Wakati huo Jumatano zake zilianza kujaa wanawake wa makamo ambao hawakuwahi kutia mguu kliniki, wakisema wameelekezwa na rafiki ambaye hawataki kumtaja. Mmoja wao alikutwa na kisukari kilichokuwa kikimla kimyakimya, akaanzishiwa dawa mapema. Siku hizo daktari alirudi nyumbani kachoka, viatu mkononi, akiimba.

Aliuandikia uongozi kuomba choo cha pili karibu na benchi la kusubiri. Hawajamjibu. Anawakumbusha kila Jumatatu.