Makofi ya São João

Safari yangu ya muziki huanzia mji wa Mariana, kwenye kinanda cha kanisa kuu, hupita Ouro Preto, na siku ya tatu hufika São João del-Rei. Nimewatembeza watu njia hiyo miaka kumi na mmoja. Kila penye mnara huwaambia wageni kwamba nililelewa na mjomba mpiga kengele, ndiyo maana naelewa kengele zinasema nini kama wengine wanavyosoma gazeti. Mjomba huyo hakuwahi kuwapo.

Safari hiyo nilikuwa na wageni kumi na wanne kutoka Goiânia. Walikuwa na hamu ya kumwona Mzee Otacílio, mpiga fidla wa miaka themanini na minne, ambaye hutupigia sebuleni kwake huku binti yake, Eunice, akitugawia kahawa na vimkate vya jibini.

Tulikuwa tunashuka kwenye basi kengele ilipoanza kulia. Pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine. Gercino, dereva wangu, mzaliwa wa mji ule, akavua kofia na kunishika mkono.

"Nivaldo, ngoja kwanza. Hiyo ni ya..."

"Mzee, wewe shika usukani wako, kengele niachie mimi!" nikamkata kwa sauti. Wageni wakacheka. Gercino akauachia mkono wangu.

"Mbona inalia kama imechoka?" akauliza Bi Cleusa, mwalimu mstaafu.

"Heshima hiyo, mama! Wageni wakubwa hawapigiwi kengele kwa haraka. Inawakaribisha ninyi. Haya, tuijibu kwa makofi!"

Wakapiga. Nami niliwaongoza, mikono juu ya kichwa, nikiwa nimeipa barabara mgongo. Kijana mmoja akapiga mluzi. Kisha nikaona nyuso zao zikibadilika, na makofi yakakatika moja baada ya jingine, hadi nikabaki napiga peke yangu. Nikageuka.

Msalaba ulikuwa umeshapita kona. Nyuma yake jeneza, na nyuma ya jeneza Eunice, amekumbatia kasha la fidla kifuani.

Akasimama mbele yangu. Msafara wote ukasimama.

"Baba amefariki jana mchana," akasema. "Nimekupigia simu mara tatu."

Nilikuwa nimeziona simu hizo. Nilidhani anataka kubadilisha saa, nikaona nisisumbuliwe.

Eunice akaendelea na safari ya makaburini, na Gercino akajiunga na watu wa nyuma bila kunitazama. Bi Cleusa alikuwa ameficha mikono yake mgongoni kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Mjomba wako hakukufundisha hiyo?" akaniuliza polepole.

"Sina mjomba, mama. Sijui kengele hata moja."

Wageni wakarudi ndani ya basi, mmoja mmoja. Afadhali wangenitukana.

Asubuhi, kabla ya kuondoka kwenda Tiradentes, nilikwenda kubisha kwa Eunice. Alifungua mlango nusu.

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Baba angecheka," akasema. "Angewasimulia wenzake wote wa okestra kwamba amezikwa kwa makofi na mluzi. Lakini mimi sicheki, Nivaldo. Nenda, wageni wako wanakungoja."

Njiani nilikaa kando ya Gercino.

"Mzee, nisamehe kwa jana."

"Mimi nilitaka kukuambia tu."

"Na kama ningekusikiliza?"

"Tungevua kofia, tukanyamaza. Basi." Akabadilisha gia. "Kazi ndogo sana ile."

Hadi leo mtaa ule siwapitishi wageni. Tunazunguka kwa nyuma, ambako mawe ni mabaya na mlima ni mkali. Wazee wakilalamika kwamba miguu inauma, nasimama na kuwaambia sababu, yote, pamoja na ule mluzi. Wengine hucheka, na nawaacha wacheke.