Swali la Baiskeli

Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Majirani walikuja na viti vyao, maana leo Kamusi anavunja rekodi, na nani atakubali kusimuliwa? Jina hilo mtaa ulimpa tangu alipoanza kushinda lile shindano la maswali la televisheni, jioni baada ya jioni, bila kukosa. Yeye mwenyewe alikaa pembeni ya kitanda cha baba yake, kilichohamishiwa sebuleni, bakuli la supu mkononi. Kati ya wote wale ni yeye peke yake aliyejua kwamba leo anashindwa.

Vipindi hurekodiwa mapema, tena vingi kwa siku moja. Unabadilisha blauzi tu, watazamaji wanadhani kumekucha. Na unatia saini kwamba ukitoboa siri, ushindi wako wote unafutwa. Basi alikuwa ameufyata siku zote hizo, akipokea pongezi.

Siku ile ya kurekodi, studioni, kaka yake alipiga simu. "Mdogo wangu, baba yu mahututi, hafiki kesho. Njoo."

Alimwendea mtayarishaji kuomba ruhusa. Jamaa hata hakuinua kichwa. Bingwa akiondoka katikati amejitoa, na akijitoa kila kitu kinafutwa. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, kushindwa. Kamusi akarudi kitini, akajifuta machozi, na swali lililofuata akalikosa makusudi.

Akakimbia nyumbani roho mkononi. Akamkuta mzee ameketi, anadai supu! Eti kaona binti yake anakaribia rekodi, akamwapia daktari: "Siendi popote mpaka mwanangu aivunje." Daktari akasema dawa hiyo haijui, ila waendelee nayo. Ikawa kipindi kikianza mzee anakula, kikiisha analala. Kuna jioni Kamusi alijikuta amekasirika kwamba baba yake ni mzima, kisha akajifungia chooni akalia kwa aibu.

Na lile swali! Mzee alikuwa fundi baiskeli maisha yake yote, na Kamusi alikulia miguuni pake, akiosha vipuri kwa mafuta ya taa. Angekosa la miji mikuu, la wafalme, la nyota, angesingizia kusahau. Hili hata paka wa nyumba ile angelijibu.

Leo mchana Kamusi alichomoa waya wa antena. Jirani yao, fundi umeme, akaurudisha kabla chai haijapoa, akapigiwa makofi.

"Baba, ungepumzika leo," Kamusi alijaribu tena.

"Nipumzike, leo? Una wazimu?"

Kipindi kikaanza. Mzee alikula vijiko vitatu, macho kwenye kioo. Mtangazaji akasoma: ni sehemu gani ya baiskeli inayoliacha gurudumu la nyuma lizunguke hata mwendeshaji akiacha kupiga pedali?

Sebule ikalipuka kwa vicheko. Mzee akajiinua kwa viwiko, uso umemng'aa. "Friwili! Wamekupa ya nyumbani, mama! Friwili!"

Kwenye televisheni Kamusi alitazama chini. "Mnyororo," akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Wifi yake akazima televisheni. Majirani walibeba viti vyao mmoja mmoja, wakiaga kwa sauti ya chini utadhani wanatoka msibani. Kaka akamtazama Kamusi, akakumbuka simu yake, akatoka nje.

"Ulikuwa unajua," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Sasa kwa nini?"

"Kaka alipiga simu. Alisema unakwenda. Wasingeniachia nitoke hivi hivi. Nilitaka nikukute, baba, nilitaka nikukute tu!" Alikuwa analia waziwazi sasa, supu inamwagika kwenye sketi.

Mkono wa mzee ulitafuta wa bintiye juu ya shuka, ukaushika, na haukuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililomwogopesha Kamusi.

"Haya, umenikuta," alisema. "Na kesho nitangoja nini?"

Kamusi alichota supu iliyobaki, akakisogeza kijiko mdomoni mwa baba yake. "Kula, baba. Kidogo tu."

Mzee akageuza uso ukutani.