Historia ya Harambee, Kama Nilivyoibeba

Mwaka wa 1966 hapakuwa na mtu kijijini kwetu Kianjokoma aliyejua historia ya neno Harambee kunishinda, na kama alikuwepo, sikumpa nafasi ya kusema. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Nilikata gazetini picha ya nembo ya taifa, ile yenye simba wawili na neno lenyewe chini yao, nikawa natembea nayo mfukoni mwa koti. Huwezi kujua utaulizwa lini.

Jumamosi moja wazazi walikuwa wakipandisha kutoka mtoni gogo la kushikilia paa la darasa jipya. Jumatatu ofisa wa elimu angekuja. Akikuta hakuna paa, shule isingeandikishwa, na watoto wetu wangeendelea kutembea maili sita hadi shule niliyofundisha.

Mimi nilipewa kazi ya kuita. Nikisema "Harambee!" watu thelathini wanajibu "Hee!" na kupiga hatua. Kazi nzuri, haina jasho. Ubaya wake ni kwamba Nelius, mpishi wetu, aligawa uji kama mama yake alivyogawa: kwanza waliobeba, halafu wengine. Wengine ni mimi. Nilizoea kukwangua ukoko.

Mlima ulipokuwa mkali kabisa, ualimu ukanipanda kichwani.

"Ngojeni kwanza," nikasema, nikatoa picha. "Mnajua neno hili limetoka wapi? Wachukuzi wa Pwani waliliimba wakiinua mizigo. Juzi tulipopata uhuru, likaandikwa hapa chini ya hawa—"

Magoti ya Mzee Ndambiri, aliyebeba gogo mbele, hayakungoja simba. Watu waliruka kando, gogo likabingirika hadi mtoni. Kwa neema ya Mungu halikumgusa mtu. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Waligeuka tu, wakaanza kushuka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mwalimu," Nelius akaniita, "Mzee amechoka. Si wewe uende ubebe pahali yake, yeye aite?"

Nikaenda. Kumbe mimi ni mfupi. Gogo lilipita juu ya bega langu bila kuligusa, na ningeweza kupanda mlima mzima nikijifanya, kama kawaida yangu. Lakini nilikuwa nimeona aibu ya kutosha siku moja. Nikavua koti, nikalikunja, nikaliweka begani na nembo ikiwa ndani, ndipo gogo likanilalia. Ndambiri akaita bila maelezo. Nilitaka kujibu "Hee!" ikatoka pumzi tu.

Jumapili baada ya kanisa tukapigilia mabati.

Jumatatu ofisa alifika, akafurahi. Aliuliza nani angewaeleza watoto historia ya Harambee. Umati wote ukanitazama kwa hofu. Nikasimama, bega limevimba, nikatoa picha. Ilikuwa imepondeka, simba mmoja hana kichwa. Nikairudisha mfukoni.

"Ni nzito, bwana ofisa," nikasema, nikaketi.

Nelius akatoka na bakuli la kwanza la uji, akampita ofisa, akanipa mimi.