Mashine Isiyonguruma

Uvumi ulikuwa kwamba unga uliosagwa kwa jua haushibishi. Mke wa msagaji aliusikia bombani, akaubeba kichwani pamoja na ndoo, na alipoitua ndoo uvumi ulibaki palepale. Yeye hakuuamini. Aliogopa tu kwamba wengine watauamini. Wateja wakikimbia, mumewe atarudi kwenye injini ya dizeli, na injini ile ilikuwa inamaliza kifua cha kitinda mimba wao, msichana wa darasa la pili, aliyelala nyuma ya ukuta wa chumba cha injini tangu azaliwe. Paneli za sola zilipofungwa juu ya bati, mama alihamishia kitanda cha mtoto chumba cha mbele siku hiyohiyo.

Mota mpya ilisaga unga laini, usio na harufu ya mafuta. Ila ilikuwa kimya. Na watu wa mtaa ule hawakuzoea kuchungulia kama kumefunguliwa, walisikiliza. Injini ikinguruma, wanajitwika mahindi. Isiponguruma, msagaji hayupo. Msagaji alikaa mlangoni bila kazi hadi unga ukamtoka nyusini, nyusi zikaonekana rangi yake halisi. Dukani watu walibishana. Wa dizeli walisema kitu kisicho na kelele hakina nguvu. Wa jua wakawauliza kama mchwa huwa wananguruma wakila nyumba.

Asubuhi moja mtoto alikohoa, na badala ya kikohozi ikatoka injini, tu-tu-tu-tu, na moshi mwembamba puani. Mama alimfuta pua. Haukupita muda, mshonaji wa jirani akafika na debe lake.

"Shemeji, kumbe umefungua. Nimekusikia tangu kule kona."

"Si mimi, ni mwanao huyo," msagaji akajibu.

Mshonaji akamgeukia mtoto. "Hujambo, mama? Hebu kohoa tena, mama mkwe wangu hasikii vizuri."

Tangu hapo mtoto aliwekewa kigoda mlangoni kabla ya kwenda shule. Wateja walijaa, wakamletea biskuti. Uvumi ulikufa wenyewe, maana watu walikula wakashiba. Nyumba ilikuwa na raha. Kila alipokohoa mtoto, moshi kidogo ulitoka usirudi tena, na mama alipoweka sikio mgongoni mwake alisikia pumzi ikipita bila kukwama.

Kisha sauti ikaanza kufifia. Mtoto alikuwa anapona. Siku ile ambayo ni mshonaji peke yake aliyefika, msagaji aliifuta vumbi injini ya zamani, akakirudisha kitanda nyuma ya ukuta.

"Mama watoto, tumuongeze moshi kidogo tu," alisema. "Akijaa tunazima."

Mama alikitazama kigoda, akautazama mlango usio na foleni.

"Sawa, baba watoto. Kidogo tu."

Akamfunika mtoto shuka mbili, akafunga dirisha ili moshi usipotee bure.

Kesho yake sauti ya mtoto ilisikika hadi kituo cha mabasi. Madebe yalipangwa mpaka barabarani, unga ukatoka safi, na kila mtu akalisifu jua.

Mwenye mtoto aepuke haya:

Kumlaza karibu na injini, hata kama ukuta ni wa tofali.

Kungoja kelele ndipo aamini kazi inafanyika.

Kumpa biskuti mtoto anayekohoa ili akohoe tena.

Kusema "kidogo tu".

Kufunga dirisha.